Kiti cha Dirishani kwa Mjomba

Jumatatu, 4 Novemba 1996. Lisekese, Masasi.

Padre Filemoni amekataa kuniungamisha kwa mdomo. Anasema mara tatu nimeanza na dhambi nikamalizia na sifa. Amenipa daftari niandike, atasoma nikiwa tayari. Daktari naye kasema moyo wangu haufiki Pasaka. Basi naandika.

Dhambi ya kwanza. Miaka ishirini nilikuwa afisa utumishi wa shirika la ndege Dar es Salaam, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuvunja chama cha marubani. Nilikivunja mara mbili. Watu wanaokaa kwenye kiti siku nzima wakitazama mawingu, halafu wanadai mapumziko. (Padre ataiona hii ni sifa. Ni maelezo.)

La pili si dhambi, ni aibu. Sijawahi kupanda ndege. Marubani walidai kila mfanyakazi wa shirika apewe safari moja ya bure kwa mwaka. Nilikifuta kifungu hicho kwa sababu tu chama ndicho kilichokiomba. Wino ulikuwa wangu mwenyewe.

Nataka kupanda kabla sijafa. Sina haja nyingine duniani.

Jumanne, 5 Novemba.

Amekuja Bwana Abdulkadiri, mnunuzi wa korosho. Tangu biashara iwe huria kila mwenye mizani ni tajiri, na huyu kanunua ndege ndogo tatu zinazoshusha wanunuzi Masasi na Newala. Aliniamkia kabla hajavua viatu. Shikamoo ya mwenye shida naijua.

Shida yake: marubani wake watano wanaunda chama. Wanataka saa zisizozidi nane angani kwa siku, na nane za kulala. Katikati ya msimu wa korosho. Na kiongozi wao ni Huruma, mpwa wangu, mtoto wa dada yangu Ethel anayeniuguza. Nikimtoa Huruma kwenye chama, Jumamosi nina kiti hadi Dar es Salaam. Cha dirishani.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Sisi Wamakua mtoto ni wa mjomba. Baba ana jina tu. Nikimwambia toka, anatoka.

Jumatano, 6 Novemba.

Huruma kaja. Shikamoo mjomba, marahaba. Nikatoa amri. Akasikiliza kainamisha kichwa, kama alivyofunzwa jandoni. Kisha akasema nikimwamuru amwache mchumba wake, atamwacha leo. Lakini wiki iliyopita mwenzake Anselmo alikuwa angani kwa saa kumi na tatu, akasinzia akitoka Newala. Alipozinduka, mikorosho ilikuwa karibu kiasi cha kumwona mwanamke akitupa ndoo na kukimbia. Nyuma yake abiria wanne walikuwa wanabishana juu ya bei, hawana habari. Mimi ningekutii, akasema, ila usingizi hauna mjomba.

Nikamwambia enzi zetu marubani walikuwa wanaume. Akauliza kwa upole nimejuaje, nami sijawahi kupanda.

Ethel alicheka mpaka akatua chungu chini.

Alhamisi, 7 Novemba.

Huruma alikwenda kuoga, akaacha mkoba kando ya kitanda changu. Kijana msomi kiasi hicho. Ndani, karatasi ya chama: majina matano na sahihi zake. Nikanakili yote. Hati yangu bado inawashinda walimu wa siku hizi.

Nikaificha nakala ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani, nikamtuma Ethel akipeleke kwa Abdulkadiri. Nilimwambia ni zawadi. Kwamba nilitumia kitabu cha nyimbo, hilo naliungama. Kwamba Abdulkadiri ni Mwislamu, hilo sikulifikiria. Ethel alilifikiria.

Ijumaa, 8 Novemba.

Wote watano wamefukuzwa kazi. Huruma amelala chumba cha mama yake saa kumi na moja mfululizo, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Sikuletewa uji. Nilipouliza, Ethel alijibu kutoka jikoni kwamba uji nao umejiunga na chama.

Jumamosi, 9 Novemba.

Nilivaa suti niliyostaafia. Vijana wa kwaya walinibeba kwa kiti hadi uwanja wa ndege, watu wakafukuza mbuzi kwenye njia ya kurukia. Ndege ipo. Ngazi ipo. Wanunuzi wawili wamekwisha kaa. Rubani mgeni, aliyeletwa kuziba pengo la watano, alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye usukani, anakoroma. Wakamtikisa. Akauliza hapa ni Masasi au Newala.

Nilikuwa nimeweka mguu mmoja kwenye ngazi. Nikasikia mtu anasema kwa sauti kuu: rubani asirushe ndege kabla hajapumzika saa nane kamili, kifungu cha saba.

Sauti ilikuwa yangu. Kifungu cha marubani wa shirika nilichokikata mara mbili, kumbe nimekihifadhi kama Baba Yetu.

Wanunuzi wakashuka. Abdulkadiri akasema, Mzee Chrispin, kumbe na wewe ni mwanachama. Akaondoka na gari lake. Nikabaki na kiti changu na mbuzi waliokuwa wanarudi.

Huruma ndiye aliyekuja kunichukua, kwa baiskeli. Alinipakia, akaikokota, akanishika mgongo njia nzima nisianguke. Badala ya kuniuliza juu ya yale majina, aliniuliza kama nimekula. Hilo liliniudhi kuliko yote.

Jumatano, 13 Novemba.

Habari za rubani anayeuliza njia zimefika mpaka Lupaso. Hakuna mnunuzi anayepanda. Korosho zimelundikana na mawingu ya mvua yanakusanyika. Leo Abdulkadiri ametia sahihi: watano warudi kazini, saa nane angani, saa nane za kulala, na mzazi mmoja wa kila rubani apande bure mara moja kwa mwaka.

Huruma ameandika jina langu kwenye nafasi ya mzazi. Nilitaka kulia. Nikakohoa.

Alhamisi, 14 Novemba.

Jina langu limekataliwa. Mkataba unasema mzazi ni baba au mama. Mjomba hayumo. Nikauliza ni mjinga gani aliyeandika hivyo. Huruma akanionyesha: kifungu hicho Abdulkadiri amekinakili kutoka mkataba wa zamani wa shirika letu, neno kwa neno.

Nimekumbuka. Mwaka 1978 marubani waliandika baba, mama au mjomba. Mmoja wao alikuwa kijana wa huku kwetu. Nilikata mjomba, nikaandika pembeni: tutabeba koo nzima za kusini. Mmakua mzima, na kalamu mkononi.

Kwa hiyo Jumamosi anaruka baba yake Huruma. Yule mwenye jina tu. Mtu anayeogopa hata ngazi ya kupandia darini. Huruma anasema chama kitadai mjomba aingizwe. Kikao ni baada ya Pasaka.

Jumapili, 17 Novemba.

Baba mtu ameruka jana. Ethel anasema alifumba macho toka Masasi mpaka Dar es Salaam. Dirishani.

Baada ya ibada Padre Filemoni alikuja, akasoma daftari lote. Akauliza kama najuta. Nikasema najuta sana, nikatokwa na chozi la kweli. Akaniombea, kisha akaenda kula na Ethel na Huruma barazani.

Mkoba wa Huruma uko hapa kando ya kitanda. Karatasi ya chama sasa ina majina tisa. Mafundi wa ndege nao wamejiunga. Nimenakili yote. Barua kwa Bwana Abdulkadiri iko tayari: majina tisa kwa kiti kimoja. Nimeweka sharti moja tu, nikalipigia mstari. Rubani awe amelala saa nane kamili.