Henia Yangu na Bima Tatu

Jumatatu, 23 Juni

Uvimbe bado upo. Kinenani, upande wa kulia, ukubwa wa limau. Nikilala unajificha. Nikibeba sofa unarudi. Jina lake nalijua: henia. Najua pia dawa yake: kupasuliwa. Mimi sipasuliwi bila bima.

Na bima sina. Mwaka jana hela ya mituweli, bima yetu watu wa kawaida, ya nyumba nzima, niliinunulia velveti nyekundu. Velveti nzuri sana! Gasaro, mke wangu, hajasahau. Mwaka huu nimemwambia mambo ya bima aniachie mimi. Akaendelea kuchambua maharage. Habari ya uvimbe sijamwambia.

Saa nne akapita Nasiri. Karakana yake inatazamana na yangu, na sofa zake zinafanana na zangu kwa sababu anaziiga. Mke wake ni mwalimu wa serikali, kwa hiyo na yeye yumo kwenye RAMA, bima ya watumishi wa serikali. Akiumwa, analipa asilimia kumi na tano tu. Alilisema hilo mara tatu. Akaongeza kwamba sisi watu wa mituweli lazima tuanzie kituo cha afya, tupange foleni, ndipo tupewe karatasi ya kwenda hospitali. Neno "foleni" alilitamka kama mtu aliyekanyaga kitu.

Nimeoa vibaya, kibima. (Gasaro asisome hapa.)

Lakini nimepata wazo. Nasiri ana ndevu. Mimi nina ndevu!

Jumatano, 25 Juni

Nasiri ana karatasi ya daktari ya dawa za maumivu ya mgongo, hajaenda kuzichukua. Nilimwomba anikodishe karatasi na kadi yake ya RAMA kwa saa moja, nijaribu kama ndevu zitapita. Akataka mita nne za velveti nyekundu. Mnyang'anyi! Nikampa.

Duka la dawa, saa tano. Nikaketi kwa utulivu. Muuzaji, mama mmoja, akaita, "Nasiri!" Akaita tena. Nikageuka kumtafuta huyo Nasiri asiyesikia, ndipo nikakumbuka. Nikaruka. Uvimbe ukaruka pia.

Yule mama akaitazama picha, akanitazama mimi. Picha ni ndogo na ya zamani, ndevu zilitosha. Nikaanza kupumua. Akasema, "Kumbe ni weye Nasiri wa masofa? Nimekutafuta miezi mitatu! Ile sofa bwana yangu alinunua kwako imevunjika miguu mbili, na batoto bangu banakaa chini."

Kukana ni kukiri kwamba kadi si yangu. Nimeshinda nyumbani kwake mpaka alasiri, nimepiga magoti, natengeneza bure sofa la Nasiri kwa jina la Nasiri. Miguu yote minne ilikuwa mibovu. Na dawa sikupewa: alisema atanipa nikimaliza, na nilipomaliza duka lilikuwa limefungwa.

Nilimrudishia Nasiri kadi. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi.

Jumamosi, 28 Juni

Nimeachana na bima za kuazima. Mtu mwenye akili hununua ya kwake, ya binafsi.

Bruno anauzia kampuni moja ya bima. Ana tai, na ana mkoba. Amekuja karakana, nikamkalisha kwenye sofa la kona, akanifungulia kitabu chenye picha za familia zinazocheka. Amenieleza kwa upole. Bima yake haina habari ya kuanzia kituo cha afya, unaenda moja kwa moja kwa daktari aliye kwenye orodha yao. Ina kiwango cha mwisho kwa mwaka, ukikivuka unajilipia. Ina miezi ya kungoja kabla ya upasuaji. Na ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kujiunga, haumo.

Nikamuuliza watajuaje nilikuwa nao kabla. Bruno akasema kuna fomu, na kuna daktari.

Fomu naiweza. Nimeandika "hakuna" mara kumi na moja.

Nasiri alikuwa anachungulia ng'ambo ya barabara. Nikamshika Bruno mkono kwa nguvu, kwa muda mrefu, ili aone vizuri.

Jumatatu, 30 Juni

Daktari wa kampuni ya Bruno ni mzee mpole mwenye miwani. Amepima presha. Nzuri! Amepima macho. Mazuri! Nilikuwa nimeurudisha uvimbe ndani kwa vidole na kufunga kiuno kwa utepe wa kushonea sofa, mizunguko sita. Hakuna kilichoonekana.

Kisha akasema, "Mzee, fungua hiyo, simama, kohoa."

Nikakohoa kwa adabu, kama mtu aliye katikati ya swala. Akasema nikohoe kama mwanaume. Nikakohoa. Limau likatoka kumsalimia.

Bruno alikuja jioni, tai ameilegeza. Kampuni yake iko tayari kunikinga na magonjwa yote ya dunia isipokuwa huu nilionao. Nilimwambia akamsake mteja anayeumwa magonjwa ya wengine.

Jumatano, 2 Julai

Basi, mituweli. Mwaka mpya wake umeanza jana. Lakini kuna sharti baya: walipiwe wote walioandikwa katika nyumba. Akibaki mmoja, hatibiwi hata mmoja. Na nyumba yangu ina watu saba: mimi, Gasaro, watoto wanne, na Mama Mukagasana.

Mama Mukagasana ni mama mkwe wangu. Alikuja kutusalimia miaka miwili iliyopita kutoka kwake Bugarama, na gunia la mchele. Mchele uliisha. Yeye yupo.

Asubuhi nimekwenda ofisi ya akagari, yaani serikali ya mtaa. Foleni ndefu, watu wote wamekumbuka bima siku moja. Ilipofika zamu yangu nikamweleza karani kwa sauti ya chini kwamba yule mama arudishwe Bugarama. Kwenye mashine yao ya majina tu. Akauliza kama analala kwangu. Nikasema analala kwangu, ila moyo wake unalala Bugarama. Karani akasema mashine haiulizi moyo.

Nyuma yangu mtu akakohoa. Nikageuka. Mama Mukagasana! Watu wawili nyuma yangu kwenye foleni, kitambulisho chake mkononi, ndani ya mfuko wa nailoni.

Nikasema, "Mama, nimekuja kuangalia kama jina lako limeandikwa vizuri."

Akasema, "Asante, mukwe wangu. Unanifikiriaka sana."

Nikaondoka mbio kadiri limau lilivyoruhusu. Sikuuliza yeye alifuata nini pale. Sikulipa chochote.

Ijumaa, 4 Julai

Naandika nikiwa kitandani, hospitali ya wilaya. Niko hai!

Jana saa tatu asubuhi nilibeba sofa la watu watatu peke yangu, kwa sababu Nasiri alikuwa ananitazama. Hatua ya nne nikasikia kama kitasa kimefungwa tumboni. Limau likawa jiwe. Halikurudi ndani. Nikatapika juu ya velveti.

Nasiri aliruka barabara kabla sijamwita. Akanipakia nyuma ya pikapu iliyokuwa inapeleka mzigo wake, juu ya sofa lake mwenyewe. Hata katika hali ile nilisikia springi zake ni mbovu. Gasaro amepanda pembeni yangu, ameshika kichwa changu, analia. Sijawahi kumwona akilia. Hapo niliogopa kweli. Niliwaza watoto wanne, na ile fomu ya "hakuna" kumi na moja.

Kituo cha afya, nikamnong'oneza Gasaro aseme mimi ni Nasiri. Nasiri akasema mimi kichaa. Ndipo nikakiri yote kwa sauti: sina bima, velveti, kadi, Bruno, vyote. Muuguzi akaandika namba ya kitambulisho changu. Akatazama kwenye mashine. Akasema, "Mbona iko? Nyumba yako yote, batu saba, balilipiwa jana."

Nikadhani ni mtu mwingine. Akasoma majina. Mudathiru ni mimi. Na la mwisho lilikuwa Mukagasana.

Wakaandika karatasi, ambulensi ikanileta huku, wakanipasua mchana huohuo. Daktari amesema ningechelewa saa chache wangekata na kipande cha utumbo. Utumbo wangu wote ninao. Tutalipa asilimia kumi ya gharama. Nimelala, natazama dari, na kila nikipumua nasikia raha hata panapouma. Dari zuri sana hili.

Jumapili, 6 Julai

Mama Mukagasana amekuja na uji kwenye chupa ya chai. Amenipa kikombe, akakaa.

Akaanza yeye. "Nilikusikia pale foleni. Masikio yangu haiyazeeka bado."

Nikamwomba radhi. Nikamuuliza alipata wapi hela, na kwa nini amenilipia mtu kama mimi. Akasema ni mchele wa shamba lake, ameuza mavuno yote. Gasaro alikuwa ameona tangu mwezi wa tano ninavyotembea, akamwambia.

"Nikasema," akaendelea, "huyu mukwe akitaka kunitoa, anitoe. Lakini anitoe akiwa mzima."

Nikalia. Nilimwambia ni dawa ya usingizi haijaisha mwilini. Akasema ndiyo, ile dawa inafanyaka hivyo. Akanimiminia uji tena.

Nasiri pia alikuja, na mita mbili za velveti. Mbili! Lakini nilifurahi kumwona, sijui kwa nini.

Jumatano, 16 Julai

Nyumbani. Mshono mkavu. Gasaro anaimba jikoni, watoto wamekatazwa kunikalia tumboni. Nimeapa mbele ya wote: hila basi. Nimejifunza.

Kwa kuwa sasa hakuna mtu hapa mjini Kamembe anayezijua bima kama mimi, nimeanzisha ya kwangu. Bima ya Sofa! Mteja analipa kila mwezi, sofa likivunjika namtengenezea. Masharti nimeyaandika mwenyewe kwenye katoni. Miezi sita ya kungoja. Ubovu uliokuwepo kabla, haumo. Nyumba moja walipie viti vyote, hata kigoda. Sofa za Nasiri hazikubaliwi, kwa sababu za kiafya. Na sofa lililovunjika kwa kukaliwa, hatulipi.

Gasaro amesoma katoni mara mbili. Ameuliza sofa huvunjika kwa nini kingine. Wivu wa kibiashara.

Daktari alisema nisibebe kitu kizito wiki sita. Lakini wateja lazima waione ofisi, na bila sofa mlangoni ofisi haionekani. Nitabeba la watu wawili tu. Nasiri anatazama.