Mwandamo wa Kamenu

Habari iliyotuchemsha jioni hiyo haikuhusu siasa wala bei ya unga. Wazungu walikuwa wametuma chombo mwezini, kikasafiri siku nyingi bila shida, kikafika, halafu wakati wa kutua kikaanguka ubavu na kulala hapo hapo kama boda iliyoteleza kwenye matope.

Aliyeileta ni Data. Jina lake halisi ni Waceke, ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na msikiti hapa Kamenu, na hakuna kitu kinatokea duniani bila yeye kukiona kwanza. Ilikuwa siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani, saa kumi na moja jioni. Sisi tusiofunga tulikuwa kwenye benchi la Kulthum na vikombe vyetu. Kulthum mwenyewe alikuwa amefunga, lakini alituuzia kahawa bila kinyongo. Sharti lake lilikuwa moja tu: tusipige mafunda kwa sauti.

"Kimeanguka ubavu?" Engineer akauliza. Huyo ni Mzee Njau, aliyetengeneza pampu za kiwandani miaka thelathini na moja. "Kwani hawakubeba jeki?"

"Jeki ya nini, Guka?" Data akamjibu; Guka ni babu kwa Kikuyu. "Huko hakuna mtu wa kuipiga."

"Sasa unaona! Mashine haitumwi peke yake. Hata pampu ya kisima, lazima uache mtu karibu wa kuipiga teke."

"Mimi shida yangu ni moja," akadakia Beacon, yaani Mwas, anayeuza ploti za Ruiru kwa simu mbili kwa wakati mmoja. "Hao watu walienda site visit? Hawakuenda. Walinunua na picha. Ukinunua na picha, utajipata kwenye mteremko."

"Wanasema huko kusini ya mwezi kuna barafu," Data akasema.

Beacon akaweka kikombe chini. "Maji?"

"Barafu."

"Ni maji yamekaa. Sasa nisikilizeni. Mahali kuna maji, hakuna chifu, hakuna mtu wa kusema hilo shamba ni la babu yake? Buda, mimi naweka bikoni kesho. Ploti za hamsini kwa mia. Dakika tano kutoka lami."

"Lami gani, Mwas?"

"Inakuja."

Kulthum, aliyekuwa akipepea jiko, akageuka. "Na hewa?"

"Hewa ni awamu ya pili, Mama. Kwanza watu washike nafasi."

Engineer alicheka mpaka akakohoa, kisha akawa mkali ghafla, kama kawaida yake. "Chekeni tu. Hii teknorojia ndiyo itatumaliza. Kijana wangu aliniwekea mita ya maji ya tokeni. Siku moja niko bafuni, nimejipaka sabuni kichwa mpaka kidole cha mguu, mtandao ukaenda. Nikasimama hapo kuanzia saa moja mpaka saa nne. Sabuni ikakauka. Mke wangu alinitoa nikiwa nimekakamaa kama samaki wa kukausha."

"Na dada yako alipopasuliwa moyo walitumia nini, Guka? Panga?"

"Hiyo ni dawa."

"Ile mashine iliyopumua kwa niaba yake saa tano nzima, ni dawa?"

"Wee Waceke, usiniletee mambo ya korti hapa."

Mtu mmoja alikuwa na shughuli yake. Ni Idarous, ambaye sote humwita Darubini. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, anapangusa kioo cha simu mpya kwa mkono wa kanzu. Kwa miaka kumi na tisa, hapa Kamenu na sehemu kubwa ya Thika, mwezi wa Idd ulikuwa hauandami mpaka Idarous aseme umeandama. Wengine walikodoa macho, yeye aliinua kidole tu. Sheikh Muzammil wa msikiti alikuwa hatangazi kitu kabla ya kupata simu yake.

Mwaka huo alikuwa amenunua kwa Data simu yenye kamera kubwa kama kifuniko cha chupa.

"Inavuta mara mia," akasema hatimaye, akaiinua ili tuione. "Hao wa mwezini wangekuwa na hii, wangeona mahali pa kutua."

"Lakini Darubini," Kulthum akamwambia, "wewe toka lini ukahitaji simu? Macho yako yameenda wapi?"

"Macho yapo. Ni kusaidiana tu."

Lakini alipofika jioni hiyo mimi nilikuwa nimemwona akiuamkia mtungi wa gesi wa Kulthum, akauuliza watoto hawajambo, na akangoja ujibu.

Kulthum alikuwa na sababu yake ya kuuliza. Alikuwa ameshikilia oda ya mahamri mia tatu ya Idd na unga ulishaumuka kwenye karai. Mwezi ukiandama, anachoma usiku huo huo. Usipoandama, ule unga ungechacha na angeanza upya.

Adhana ya magharibi ilipoita, waliofunga walifungua kwa tende na maji, wakaenda kuswali. Waliporudi tukatoka wote mpaka uwanja ulio nyuma ya kinu cha unga, mahali Idarous husimama kila mwaka. Mawingu yalikuwa yamelala upande wa magharibi kama blanketi. Ile taa ndefu ya mulika mwizi ilikuwa imewaka tayari, inatupiga kwa ubavu.

Engineer, ambaye dini yake ni ya Kanisa lakini hapendi kupitwa na kitu, alitangulia mbele akapanda lundo la mawe ya ujenzi. Upepo ukampokonya marvini yake, ile kofia ya sufi. Hakuifuata. Alisimama huko juu, kichwa wazi, shingo imenyooka, anatafuta mwezi wa watu.

Tukatulia. Idarous akainua simu. Akaivuta, akaivuta tena.

"Allahu Akbar!" akapaza sauti. "Huo hapo! Nimeupata!"

Sote tukatazama angani. Mawingu. Nikafikicha macho, nikatazama tena. Mawingu yale yale.

"Uko wapi?" Kulthum akauliza.

"Huu hapa!" Akatugeuzia simu.

Na kweli ulikuwepo. Mwezi mwembamba, mweupe, umepinda vizuri kama ukucha, na ndani yake mashimo madogo madogo unaweza kuyahesabu. Nimeona kalenda zenye picha mbaya kuliko hiyo. Kulthum akashika kifua. Beacon akavua kofia. Idarous alikuwa akilia, machozi kabisa, na mimi nilijua alichokuwa anaogopa kwa mwaka mzima.

"Nimeshamtumia Sheikh," akasema. "Na kikundi cha msikiti. Wote."

Kulthum alikimbia kurudi kwenye jiko lake.

Data peke yake hakufurahi. Alichukua simu, akaitazama picha, akatazama angani, akatazama picha. "Mzee Idarous, hii umepiga upande gani?"

"Huko mbele."

"Juu ama chini?"

"Juu... kiasi."

Data akainua simu akailenga pale pale. Tukajazana mabegani mwake. Mwezi ukatokea tena kwenye kioo, mweupe, na mashimo yake. Halafu mwezi ukainama, ukapiga chafya, ukajipangusa pua kwa kiganja.

"Haiya!" Beacon akaruka nyuma.

"Guka!" Data akaita. "Guka Engineer, hebu sogea kushoto!"

Kule kwenye mawe, Engineer akasogea kushoto. Mwezi ukasogea kushoto.

"Rudi kulia!"

Mwezi ukarudi kulia, ukauliza, "Kwani mnaniona kama mwanajeshi?"

Data akatueleza polepole. "Hii simu haipigi picha kama zile za zamani. Ikiona kitu cha duara kinang'aa mahali penye giza, inajiambia huu ni mwezi. Halafu inaongeza mashimo yenyewe, ndio ikufurahishe. Mulika mwizi imempiga Guka upande mmoja wa kipara. Basi."

Engineer alikuwa ameshuka na kutufikia. "Imeongeza mashimo kwenye kichwa changu?"

"Ndio."

"Bila kuniuliza?"

"Bila kukuuliza."

"Ngai! Miaka sitini na nane hiki kichwa hakijawahi kumkosea mtu. Hiyo si kamera. Hiyo ni shahidi wa kununuliwa!"

Simu ya Beacon ikalia. Akasikiliza, uso ukamwanguka. "Ni mteja wangu wa Membley, Mama Rayan. Ananitakia Idd njema. Anasema picha imefika mpaka Kahawa Wendani, wanafunzi wa hosteli wameanza kupika pilau."

"Futa!" nikasema. "Data, futa!"

"Nimefuta kwenye kikundi. Lakini ishatumwa mbele. Siwezi kufuta simu za watu wote wa Ruiru."

Kutoka jikoni tukasikia mafuta ya Kulthum yakipokea mahamri ya kwanza, shaaa.

Sasa sote tukamgeukia Idarous. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, ameinamisha kichwa. Watu wangeamka kesho na kula mchana, siku ambayo pengine ilikuwa bado ya kufunga, kwa sababu yake. Kila mmoja alijua la kufanya na hakuna aliyetaka kulisema.

"Mpigie Sheikh," akasema Engineer hatimaye, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema kwa upole. "Mwambie ni mimi. Mwambie nilipanda mawe bila ruhusa. Mimi siogopi."

"Si wewe, Njau."

"Ni kichwa changu."

"Ni macho yangu," Idarous akasema.

Akaomba simu. Data akamtafutia namba kwa sababu yeye hakuweza kuisoma, akaweka sauti nje.

"Assalamu alaykum, Sheikh."

"Wa alaykumu salaam, Idarous. Nilikuwa nakungoja."

"Sheikh, ile picha niliyokutumia. Ule si mwezi."

"Ni nini?"

Idarous akaisogeza simu mdomoni. "Ni jirani."

Nikamwona Beacon amefumba macho kama mtu anayengojea sindano.

"Idarous," Sheikh Muzammil akasema, "mimi nimeanza kutazama miezi ikiandama nikiwa mtoto, nikiwa mabegani mwa baba yangu. Nimeona mwembamba, nimeona uliofichwa na wingu, nimeona wa nusu dakika. Lakini huu ndio wa kwanza wenye sikio."

Hapo ndipo tulipovunjika. Beacon aliketi chini kwenye vumbi na suruali yake ya kupelekea wateja. Data alishika ukuta wa kinu. Engineer alijipapasa sikio, kwanza la kushoto, halafu la kulia, anatafuta ni lipi lililoonekana, nasi tukazidi. Hata Sheikh tulimsikia akicheka huko aliko, cheko la mzee, lenye kukatika katika.

"Sikutangaza," akasema alipotulia. "Na hao waliokimbilia sufuria nimeshawatumia ujumbe. Nilitaka tu nione kama utapiga."

Idarous hakuwa amecheka. "Sheikh, macho yangu yana ukungu. Tangu mwaka jana. Nilinyamaza kwa sababu nilijua nikisema, utampa mtu mwingine kazi hii."

"Nitampa mtu mwingine kazi ya kutazama, ndio. Muna binti yako ana macho mazuri, nitampa yeye. Lakini wewe usiposimama pale uwanjani mwakani, nitakuja kukutoa nyumbani mwenyewe. Wenye macho wako wengi. Aliyenipigia leo kusema amekosea ni wewe tu."

Idarous akaitikia, sauti ikiwa ndogo. Simu ilipokatika alibaki ameishika kifuani.

Mwezi haukuonekana jioni hiyo, si kwetu wala kwingine tulikosikia. Wakatimiza siku thelathini za kufunga. Kulthum alikuwa ameshachoma mahamri arobaini kabla hatujamfikia. Alitutazama mmoja mmoja na kijiko chake kirefu mkononi, halafu akatuwekea yote mbele na kusema tusiondoke mpaka yaishe. Unga uliobaki akaubeba kwa dada yake mwenye friji.

Data ndiye aliyemtafutia Idarous kliniki ya macho, akamwekea nafasi kwa simu ile ile. Engineer akasema hawezi kumwacha mtu aende peke yake kwenye mashine, akamsindikiza, na daktari akalazimika kumweleza kila kifaa kinafanya nini, kinatumia umeme kiasi gani, na kama stima ikipotea kuna jenereta. Ilichukua dakika ishirini. Engineer alirudi akituambia ile mashine ni kama pampu, ila imesoma.

Siku Idarous alipotolewa bandeji za upasuaji wa macho, alikuja kijiweni moja kwa moja. Akamwamkia Kulthum kwa jina. Akasoma maandishi yaliyo kwenye lori lililokuwa likipita barabarani. Kisha akaketi mbele ya Engineer, akamtazama usoni kwa muda mrefu, akainama karibu zaidi, akamtazama tena.

"Njau," akasema. "Kumbe umezeeka hivi?"

Engineer akapuliza kahawa yake. "Nilizeeka zamani. Ni wewe tu ulikuwa ukinionea huruma."