Samaki wa Mwarobaini

Jumatatu, 9 Juni 2025

Leo Mungu amenikumbuka! Shanice, mwanafunzi wa chuo kutoka Mombasa anayechunguza samaki hapa sokoni Voi, amefungua mashavu ya samaki aina ya changu wa Gertrude, jirani yangu wa meza. Ndani, vidudu bapa, vidogo kama chenga za mchele. Minyoo! Akaeleza mengi: kwamba iko sana kwa samaki wa baharini, kwamba ukitoa mashavu na matumbo, ukaosha, ukakaanga hadi ndani, haina neno. Mimi nilikuwa nimeshasikia la kutosha.

Mama Tryphena wa Wundanyi anaoza binti Jumamosi, anatafuta mtu wa kukaanga samaki wa harusi. Ni mimi au Gertrude. Nikiikosa kazi hii, meza yangu imekufa, na kaka Mwangangi ameshaniwekea jembe kwa shamba lake la ndizi huko Mahoo. Mimi na jembe! Nimepita kwa kinyozi nikamnong'oneza habari za minyoo ya Gertrude. Nimemwomba asiseme.

Jumanne, 10 Juni

Kinyozi amesema. Gertrude hajauza hata mkia. Nilikuwa nacheka peke yangu mpaka Mutindi wa mboga akaniuliza samaki wangu mimi hutoka wapi. Nikakumbuka. Lori ni moja. Hata kreti ni moja, tunagawana kila asubuhi! Sijauza hata mkia mimi pia. Kinyozi ananiambia mchimba kisima huingia mwenyewe. Nani alimuuliza?

Jumatano, 11 Juni

Nimeamka na akili. Mwarobaini! Dawa inayotibu magonjwa arobaini ya binadamu itashindwa na mnyoo wa changu? Nimechemsha majani sufuria nzima, nikalowesha samaki, nikaandika kwa kadibodi: SAMAKI WALIOTIBIWA. Shanice akasema kwa adabu kwamba mgonjwa mwenyewe ameshakufa. Akaomba mashavu na matumbo ya kuchunguza. Nikakataa. Siri ya biashara.

Mteja wa kwanza? Mama Tryphena mwenyewe! Amesikia habari za minyoo, amekuja kujionea. Nikampa kipande kikubwa. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akaomba maji, halafu akaomba mengine.

Alhamisi, 12 Juni

Gertrude hakulia wala hakutukana mtu. Amesogeza meza katikati ya njia, akamwita Shanice, akafungua samaki mbele ya watu. Minyoo yenyewe akawaonyesha! Akatoa mashavu, akatoa matumbo, akaosha, akakaanga hadi ndani, akala wa kwanza. Kisha foleni, na mbele ya foleni, Mama Tryphena.

Kazi ya harusi imeenda. Nimelia nyuma ya karai, sifichi. Nimempigia Mwangangi kwamba nitafika Jumatatu. Amefurahi sana, na hilo ndilo limeniuma zaidi.

Ijumaa, 13 Juni

Gertrude amekuja mezani kwangu. Nikajua leo ni leo. Nikaanza kutafuta visingizio. Kumbe wageni wa harusi wameongezeka na anahitaji karai la pili.

"Muasya, mdomo wako ni mbovu, lakini hakuna mtu Voi anakushinda kukaanga samaki. Kesho njoo na karai. Mwarobaini uache nyumbani."

Nimeenda moja kwa moja kusugua karai.

Jumamosi, 14 Juni

Wundanyi baridi inauma masikio, lakini kando ya mafuta moto ni raha tupu. Nimetoa mashavu na matumbo mpaka vidole vikafa ganzi. Shanice amebeba yote kwa chupa, anashukuru kama amepewa nyama. Samaki wameisha kabla ya keki. Mama Tryphena alionja kwa woga, halafu akarudi na sahani. Gertrude anataka tuungane meza, na kuna sikukuu ya kanisa huko Bura tutapika pamoja. Nimempigia Mwangangi: jembe ampe mtu mwingine. Nina furaha jamani. Na Gertrude ana tabasamu zuri, sijui nilikuwa naangalia wapi.

Jumapili, 15 Juni

Nimetoka kanisani na moyo mweupe. Kasoro ni moja tu. Huko Bura, nusu ya chakula itakuwa mbuzi wa Donald mwenye bucha. Kwa nini nusu? Nimemuuliza Shanice kwa upole kama mbuzi nao wana minyoo bapa. Akasema iko, kwenye maini, ndugu za ile ya samaki. Akaanza kueleza jinsi nyama hukaguliwa, lakini nilikuwa na haraka ya kufika kwa kinyozi.

Donald ni kaka yake Gertrude, najua. Lakini sayansi haina shemeji.