Mikaratusi ya Jirani wa Kumi

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Nshamba.
Nimestaafu. Miaka thelathini na moja ya kufundisha saikolojia, kumi ya mwisho nikieleza jinsi ya kumfanya mtu atunze mazingira bila kumgombeza. Sasa chemchemi yetu inakauka. Mikaratusi inainywa. Kaya kumi huchota pale, na zote zina mikaratusi bondeni. Nimechora kibao na kukisimika chemchemini: MAJIRANI TISA KATI YA KUMI WAMEKUBALI KUKATA MIKARATUSI YAO. Sijamuuliza hata mmoja. Kila msomaji atajiona ni yeye tu aliyebaki, aone haya. Sayansi!

Jumatano, 6 Agosti.
Jirani yangu Anatory amekisoma mara mbili. Ndyamukama, jirani mwingine, amenisalimia akitazama miguu yake. Safi.

Jumapili, 10 Agosti.
Balaa. Baada ya ibada wameulizana. Kumbe kila mmoja ni wa kumi! Anatory akasema nimewadanganya, tena kwa elimu. Bibi Kokuberwa, mjane wa miaka themanini, akawanyamazisha: uongo ni uongo, lakini maji nayo hayapo. Wanakata kesho. Nimeandika: mafanikio, asilimia mia.

Alhamisi, 14 Agosti.
Mashoka siku tatu. Bonde jeupe. Maji bado yanadondoka kama machozi ya mnafiki. Bibi Kokuberwa amekuja. Nikampa buni za kutafuna, kama ilivyo ada kwa mgeni. Hakuzipokea. Mkono wangu ukabaki hewani.

"Mwanangu, sisi kumi tumekata," alisema. "Ulihesabu watu, ukajisahau."

Sasa anachota bonde la pili, na goti moja limeshakataa. Nikamweleza kuwa mikaratusi yangu arobaini, iliyo juu kabisa ya chemchemi, ni mbao za kujengea maktaba yangu ya mazingira. Alisikiliza mpaka mwisho. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi, 16 Agosti.
Kibao langoni kwangu. Ubao wangu uleule, umegeuzwa: MAJIRANI KUMI KATI YA KUMI NA MMOJA WAMEKATA. Mwandiko wa Bibi Kokuberwa. Nimeona haya, haya za kweli. Nikachukua shoka, nikafika mti wa kwanza.

Hapo nikakumbuka: utafiti wenye heshima hauendi bila kundi la kulinganisha, lisiloguswa. Bila mikaratusi yangu, nani atathibitisha kuwa kukata kunasaidia? Nimejitolea. Shoka limerudi stoo.

Jumatatu nina mhadhara Bukoba, juu ya uendelevu. Nimetuma salamu kwa Bibi Kokuberwa, anigawie ndoo moja nifulie shati. Hajajibu bado.