Paja Lililopewa Vidonge

Jumatatu, 3 Machi
Barua ya maabara! Jumatano watapima bucha zote zinazouza "nyama asilia, isiyo na dawa". Wanatafuta bakteria sugu, wale ambao antibayotiki kwao ni maji ya kunywa. Atakayekutwa nao, duka linafungwa. Kisu Butu, muuza nyama wa ng'ambo ya barabara, kaibandika barua yake mlangoni kama mwaliko wa harusi. Mnafiki!

Jumanne, 4 Machi
Mfugaji wangu ameapa kwamba ng'ombe wake hawajui sindano. Namwamini. Lakini tahadhari kabla ya hatari. Kabatini nimekuta vidonge vinne, antibayotiki aliyoibakiza mke wangu jino lilipotulia. Nimevisaga, nikalisugua paja zima. Bakteria wafe kabla ya mgeni kufika! Mke wangu akauliza ni unga gani ule. Nikasema chumvi. Akasema chumvi anayo yeye mkononi.

Jumatano, 5 Machi
Mpimaji kaja. Mama mfupi, glavu hadi viwiko. Nikamsogezea paja langu teule. Akakata kipande, akashukuru. Kisha, bila hata hodi, akafungua friji na kukata kingine begani! Nikamwambia bega si la kuuza. Akasema hata yeye hanunui.

Jumatatu, 10 Machi
Majibu. Bega: safi kuliko nyama yote ya mtaa huu. Paja: antibayotiki tele, kwenye nyama niliyoinadi kuwa "isiyo na dawa"! Nimefungiwa wiki mbili, kisha nitapimwa upya. Kisu Butu kafaulu. Foleni yake imevuka barabara, wateja wanaegemea ukuta wangu! Mama mkwe yumo. Kanisalimia kwa heshima zote, kikapu mkononi.

Nilipokiri vile vidonge vinne, mpimaji aliyeleta majibu hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.

"Baba, ungetia mikono mfukoni tu, ungekuwa wa kwanza."

Akaeleza kwamba dawa ya kubahatisha, tena nusu dozi, ndiyo inayolea usugu: bakteria wanyonge hufa, wababe hubaki na kuzaana. Mke wangu akaitikia kila neno.

Jumanne, 11 Machi
Asubuhi nzima nimeyatafakari maneno ya yule mama. Ana akili sana! Kumbe kosa langu lilikuwa nusu dozi. Nimekwenda mbio duka la dawa kuomba dozi kamili. Muuzaji akauliza mgonjwa ana kilo ngapi.

Nikamjibu: bila kichwa wala ngozi, mia moja na arobaini.