Kocha Mpya wa Deportivo San Eloy

Nicanor Baigorria alishuka basi mjini San Eloy akiwa na suti moja, viatu vilivyong'aa kuliko sifa zake, na sanduku lisilokuwa na kitu ndani isipokuwa sanduku jingine dogo. Hakuja kwa mapenzi. Huko alikotoka watu walikuwa wameanza kumuulizia, na waliokuwa wakimuulizia walikuwa na mbwa.

Harufu ya nyama ya kuchoma ilimshika pua ikamvuta hadi klabu. Uani alimkuta jamaa mmoja mnene, Cacho, akigeuza mbavu za ng'ombe juu ya makaa. Ndani ya ukumbi, mji mzima ulikuwa ukipiga kelele.

"Kuna msiba?" Nicanor aliuliza, akiivua kofia yake kwa huzuni ya kukodi.

"Afadhali ungekuwa msiba, bwana. Msiba una mazishi, mkizika mnakula. Hapa tunabishana kama tumfukuze kocha."

"Kafanya nini?"

"Zabala? Ana bucha hapo kona. Refa alitunyima penalti, Zabala akamkaribisha aje aone nyama, akamfungia kwenye chumba cha barafu. Alipotolewa midomo ilikuwa ya bluu, kama jezi ya wapinzani wetu, Estación Norte. Kocha yuko mahabusu mpaka leo."

"Basi mnabishana nini? Mtu wa hivyo anafukuzwa."

Cacho alimtazama kama unavyomtazama mtu anayetia sukari kwenye nyama. "Tangu aingie ndani hatujafungwa, bwana! Sisi, tuliokuwa tunafungwa hata na mvua! Na hapa kwetu timu ikishinda, hagusi mtu kitu. Soksi hizi unazoziona sijazivua. Padri anasikiliza mechi amesimama kwa mguu mmoja. Daktari wa meno alikuwa katikati ya jino la mke wa meya tulipofunga bao la kwanza. Jino limebaki nusu. Mama wa watu anatafunia upande mmoja kwa ajili ya klabu, na hajalalamika."

"Si mwache tu kocha alipo?"

"Ligi wametuandikia. Ikifika Ijumaa Zabala bado ndiye kocha, fainali ya Jumapili wanapewa Estación Norte bila kupiga mpira. Tukimfukuza, bahati inakatika. Tusipomfukuza, fainali inakwenda. Watu wanataka kuumana humo ndani."

Nicanor aliitikia kwa kichwa tu, maana jicho lake lilikuwa limeshahama. Kwenye kivuli chembamba cha ukuta ilisimama pikapu nyeupe, mpya, yenye nembo ya klabu mlangoni.

"Na ile?"

"Ya kocha. Anayekuwa kocha anakabidhiwa ufunguo."

Wengine huingiwa na upendo kanisani, wengine dansini. Nicanor ulimwingia hapo hapo, penye moshi. Mpaka wa Paraguay haukuwa mbali, na ng'ambo alikuwa na rafiki asiyeuliza gari limetoka wapi. Kuhusu mpira alijua kwamba ni wa duara, na hata hilo alilisikia kwa watu. Akapangusa viatu, akaingia ukumbini.

Aliyekuwa amesimama ni Doña Hortensia Maldonado, rais wa klabu na mwenye duka la mikate, mjane ambaye sauti yake ilipasua mayai kabla hajayagusa.

"Aibu!" alikuwa akisema. "Leo kocha kamgandisha refa. Kesho watoto wetu watamgandisha mwalimu wa hesabu!"

"Anastahili!" sauti ikatoka nyuma.

"Nani kasema hivyo?"

Mkuu wa polisi, Afande Funes, akainuka akiwa na kofia mkononi. "Doña, mimi nilimkamata Zabala kwa mikono hii, huku nalia. Sheria ni sheria. Ila kumfukuza tukiwa tunashinda? Mama, hata gereza lina huruma kuliko hilo."

"Kwa hiyo fainali tuwape Estación Norte?"

"Mdomo wako usirudie maneno hayo!"

Hapo ndipo Nicanor alipokohoa. Kilikuwa kikohozi cha mtu aliyesoma. Watu wakageuka.

"Niwieni radhi. Profesa Baigorria. Nimefundisha soka Montevideo, Asunción na Lima. Nilikuwa napita tu, lakini nikisikia klabu inalia, miguu yangu haipiti." Akatulia ili waionee huruma miguu yake. "Ndugu zangu, mnateseka bure. Mnadhani bahati inamjua Zabala? Bahati haijui jina la mtu. Bahati inajua cheo! Inaangalia: kocha yuko wapi, amevaa nini, kila kitu kiko kama Jumapili iliyopita? Basi. Mtoeni Zabala, muwekeni mwingine pale pale alipokuwa. Kila kitu kikibaki vilevile, bahati itapita kama kawaida, isalimie, ikae."

Doña Hortensia na Afande Funes, waliokuwa hawajatazamana kwa wema tangu mchana, wakatazamana.

"Kila kitu kibaki vilevile, Profesa?" Doña aliuliza taratibu.

"Kila kitu, mama yangu."

"Kocha awe pale pale alipokuwa kocha?"

"Hadi kamba za viatu!"

Mikono ikapaa. Zabala akafukuzwa kwa kauli moja, Baigorria akateuliwa kwa shangwe, na mke wa meya alipiga kura kwa mkono mmoja huku wa pili ukishika shavu. Laghai mzoefu hupaswa kutilia shaka akiona watu wazima wamekubali haraka kiasi kile. Lakini tangu jana Nicanor alikuwa amekula tiketi ya basi tu, na Cacho alikuwa ameshamwekea ubavu kwenye sahani.

"Ufunguo je?" aliuliza, mdomo umejaa.

"Jumamosi, kwenye nyama ya makabidhiano," Doña Hortensia akasema. "Usiwe na wasiwasi, Profesa. Wewe sasa ni wetu."

Siku zilizofuata alifundisha. Alikwenda uwanjani na traksuti ya Zabala, iliyomzunguka mara mbili, akawaambia wachezaji: "Kimbieni." Wakakimbia. "Simameni." Wakasimama. Kisha akatikisa kichwa kwa uzito, akaenda kulala. Mji ukasisimka. Hakuna aliyewahi kuona kocha anayeficha mbinu kiasi kile.

Jumamosi mchana nyama ilichomwa mbele ya bucha la Zabala. Watu walijaa mpaka barabarani, gitaa likapigwa, vibuyu vya mate, ile chai chungu ya majani ya kwao, vikazunguka. Doña Hortensia alimkabidhi Nicanor ufunguo, akambusu mashavu yote mawili. Pikapu ilikuwa pale, pua imeelekea barabara kuu, tangi limejaa. Nicanor alishukuru kwa hotuba fupi kuliko zote maishani mwake, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea gari huku akitabasamu.

"Profesa!" Doña aliita, akiwa ameshika kisu na mkate. "Kabla hujakwenda, mwanangu, nisukumie ule mlango wa chumba cha barafu. Baridi yote inatoka, nyama za watu zitaoza."

Ni jambo dogo. Nicanor, ambaye hakuwahi kumsaidia mtu bila kumpunguzia kitu, aliusukuma mlango. Komeo likalia *tak*.

"Jamani!" ikapigwa kelele kutoka ndani. "Nimetekwa! Uuuwi!"

Kelele zenyewe zilikuwa za mtu anayetafuna.

Mkono mzito ukatua begani kwa Nicanor. "Profesa," alisema Afande Funes, machozi yanamlengalenga. "Nimeshuhudia mwenyewe. Umemfungia refa."

"Mimi? Si mama huyu kaniambia nisukume mlango!"

"Mimi nilikuwa nakata mkate," alisema Doña Hortensia.

"Mmeona wote! Cacho! Mmemsikia!"

"Nilikuwa nakata mkate," alisema Cacho. Ikaonekana San Eloy yote ilikuwa inakata mkate. Padri alikuwa anakata mkate.

Mlango ukafunguliwa. Refa, Don Celestino, alikuwa ameketi kwenye kiti cha kuegemea, blanketi mapajani, skafu shingoni, na sahani ya soseji mkononi.

"Nimeogopa sana," alisema. "Hamna mchuzi wa pilipili?"

"Na ile kesi ya mwanzo, Don Celestino?" Afande aliuliza, daftari mkononi.

"Ile? Nimesamehe. Nafikiri nilichanganya sura."

Kwa hiyo Zabala akatoka na Nicanor akaingia. Wakapishana mlangoni mwa mahabusu. Zabala, jitu lenye mikono kama mapaja, alimkumbatia hadi mbavu zikalia. "Kaka, Mungu akubariki. Godoro lilalie upande wa ukutani. Ule mwingine una springi yenye roho mbaya."

Usiku huo Nicanor alihesabu nondo za dirisha, akakuta zote zipo. Asubuhi ya fainali alibadilisha sauti.

"Afande Funes. Tuongee kiume. Mimi natoka lini?"

"Tukifungwa tu, Profesa," Funes akasema, akimmiminia chai ya mate. "Naapa kwa marehemu mama. Tukifungwa, bahati imekwisha, nikuweke humu wa nini? Nakufungulia dakika hiyo hiyo, refa anafuta kesi, na nauli nakupa."

"Na mkishinda?"

"Ah! Tukishinda!" Afande akacheka kwa furaha, akaifuta kofia yake.

Nicanor akanywa mate taratibu. Damu ya zamani ikaanza kuchemka. Mtu aliyewahi kuuza daraja la mto kwa wahandisi angeshindwa kuifungisha timu ya kijijini?

"Afande, mimi ni kocha au si kocha?"

"Kocha kamili!"

"Basi amri zangu zifike uwanjani."

Afande aliguswa moyo. Akamweka koplo kwenye mstari wa uwanja na redio ya polisi, yeye akabaki na ya pili kando ya nondo.

Mechi ilipoanza, Nicanor alifanya kazi. "Beki wa kushoto, yule mwenye matege, aende mbele kabisa. Mfungaji wetu arudi golini kulinda."

"Arudi golini, Profesa?"

"Montevideo wanafanya hivyo. Na kipa asimame katikati ya uwanja."

"Kipa Villalba? Ana kilo mia na kitu!"

"Ndiyo maana. Asimame, asikimbie."

Afande akaipeleka amri kwa redio, sauti inamtetemeka kwa heshima. Nicanor akajilaza kwenye godoro, akayakunja mikono kifuani, akawa anaionja hewa ya Paraguay.

Lakini Estación Norte walikuja wamejipanga kumkaba mfungaji. Wakamtafuta mbele, hayupo. Mabeki wao wawili wakamfuata hadi kwenye goli la San Eloy, wakamkaba huko huko. Yule mwenye matege akabaki peke yake mbele, mpira ukampiga gotini, ukaingia.

"Bao!" koplo akalia redioni. "Bao la goti! Profesa ni mchawi!"

Nicanor akaketi. "Waambie wote walale chini."

Wakalala. Estación Norte wakasimama kuwashangaa, wakidhani kuna nyuki, nao wakalala. Ilichukua muda mpaka mmoja wao akakumbuka mpira, akasawazisha. Nicanor aliruka juu ya godoro akapiga ngumi hewani. Afande alimtazama kwa mshangao.

"Hasira, Afande," Nicanor akasema upesi. "Hasira za kocha."

Dakika za mwisho, San Eloy wakapata penalti. Don Celestino aliitoa kwa tumbo lililoshiba.

"Apige nani, Profesa?" koplo aliuliza, anahema.

"Villalba."

"Profesa, Villalba hajawahi kupiga mpira ukanyooka tangu azaliwe."

"Apige Villalba!"

Nicanor alishika nondo kwa mikono miwili. Aliiona pikapu, aliuona mto, alimwona rafiki yake asiyeuliza maswali. Kule uwanjani Villalba alirudi nyuma, akaja mbio kama kabati linaloteremka ngazi, akateleza, akaanguka kwa makalio, na mpira ukamgusa kisigino. Kipa wa Estación Norte alikuwa ameruka zamani, hata ameshaanza kupangusa vumbi. Mpira ukajivuta, ukajivuta, ukavuka mstari.

Kelele ziliingia mahabusu bila kuhitaji redio.

Walikuja wote. Padri akiwa na miguu miwili, Cacho na trei la nyama, wachezaji wamembeba Villalba, wanne wakishindwa, sita wakiweza. Zabala alikuja akiendesha pikapu, kwa cheo chake kipya cha msaidizi wa kocha, ambacho barua ya ligi haikukitaja. Doña Hortensia alipitisha keki kati ya nondo, kipande kwa kipande.

"Mbinu zako, Profesa!" alisema, analia na kucheka. "Na huu ni mwanzo. Kombe la mkoa linaanza Jumapili ijayo. Tukilichukua, kuna la taifa!"

"Doña," Nicanor alisema kwa sauti nyembamba, "najiuzulu."

Mji ukacheka hadi madirisha yakatikisika. Kocha mwenye utani hivi hawakuwahi kupata.

"Mwacheni apumzike," Afande Funes akasema, akiwasukuma watu kwa upole. Kisha akarudi na kopo la rangi kila mkono, akainama mbele ya nondo kama mhudumu wa hoteli.

"Samahani, Profesa, fundi anasubiri. Chumba chako tukipake rangi ya kijani, au nyeupe?"