Siku Pamba ya Maneno Ilipotimiza Mwaka

Sogeeni, nyie mliokalia magunia na nyie mliokalia viti vya kuazima. Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana habari hii ikishaanza haina kituo cha kushukia. Hapa hakuna watemi waliopigania mipaka wala majemadari waliovuka mito kwa mikuki. Hapa kuna jambo zito kuliko hayo: binti mmoja, baiskeli moja, na sentensi zilizokataa kufa. Nawe Kiswahili, ulimi usiomwomba mtu ruhusa ya kupendeza, simama upande wa msimulizi hadi mwisho.

Ilikuwa enzi ile ambapo mkoa wa Simiyu ulikuwa bado unanuka rangi mpya, kampuni za simu zikigombania kuta za maduka ya Bariadi, na wanunuzi wa pamba, kila mmoja na mzani wake, wakiwaita wakulima kwa majina matamu kama ya wachumba. Katika enzi hiyo, kijijini Ngulyati, aliishi Maximiliana binti Joakim, mwenye stashahada ya uandishi wa habari, mpanda baiskeli isiyo na breki, mchambuzi wa pamba safi na ile chafu iitwayo fifi, mwimba sauti ya pili katika kwaya, mtuma maombi ya kazi yasiyojibiwa. Na juu ya hayo yote, mwenye blogu.

Blogu hiyo iliitwa Pamba ya Maneno. Ilizaliwa Bariadi mjini, katika duka la intaneti la Fabian, ikalelewa kwa vipande vya muda vilivyoporwa kati ya palizi na mavuno, kati ya misiba na mazoezi ya kwaya. Wasomaji wake walikuwa wachache kiasi kwamba mmoja akiugua malaria, ukumbi mzima ulipwaya.

Ndugu walikuwa wamekwisha kuona mipango mingine ya shujaa huyu ikianguka vitani. Kuku wake walimalizwa na kideri. Sabuni yake iligoma kukauka hadi ikagawiwa kwa kijiko. Kwa hiyo shangazi yake Esteria, jemadari wa dagaa katika soko la Lamadi, alipoicheka blogu mbele ya ukoo mzima, Maximiliana alisimama akala kiapo: Pamba ya Maneno itatimiza mwaka ikiwa hai, na siku hiyohiyo litatoka andiko jipya; lisipotoka, yeye mwenyewe atafunga virago akauze dagaa Lamadi, na neno "blogu" halitasikika tena kinywani mwake.

Siku ikafika. Na kwa kuwa siku kubwa hupenda kugongana, ndiyo siku hiyo wakwe walikuwa wanakuja kuwatazama ng'ombe wa mahari ya kaka yake, Shija.

"Panda baiskeli," aliamuru Shangazi Esteria, aliyelala hapo tangu jana kwa ajili ya shughuli. "Lete sukari na majani ya chai. Wakwe wafike wakute chai tamu."

"Shangazi, leo ndiyo siku ya blogu yangu."

"Ng'ombe wana miguu, wakwe wana macho. Hiyo blogu yako ina nini?"

"Ina mimi."

"Basi wewe lete sukari. Na kesho nimekuombea kiti kwenye gari la Lamadi. Sikutishi, nakujulisha."

Maximiliana aliondoka kama mshale. Kichwani alibeba andiko kubwa la maadhimisho, lenye dibaji, lenye shukrani, lenye aya moja ya kuwasuta wote wanaodhani Kiswahili ni cha kutangazia mnada tu; alikuwa amelitunga wiki nzima akichambua pamba, na kila koma ilijua kiti chake.

Lakini njia ya Ngulyati ina ngome zake. Kwa Wasukuma, binti hampiti mzee kama gari la serikali. Hushuka, hupiga goti, hutoa mwangaluka ya asubuhi, huitikiwa, huulizwa mhola, yaani kama kuna amani. Kisha huulizwa wa nyumbani mmoja mmoja, kisha ng'ombe, kisha mvua iliyonyesha na ile iliyokataa. Ngome ya kwanza ilikuwa Mzee Jilala, aliyekuwa akirekebisha uzio.

"Na yule ndama aliyekuwa anachechemea?"

"Amepona, baba."

"Mguu wa kulia au wa kushoto?"

"Wa kushoto, baba."

"Mimi nilisikia wa kulia," akasema mzee, akakaa chini ili jambo lizungumzwe vizuri.

Mbele kidogo alikuwa Bibi Nyanjige na kapu lake la viazi, ambaye hakuridhika na habari za walio hai akaomba na za marehemu. Maximiliana alijibu yote, goti likiwa vumbini na moyo ukiwa Bariadi. Alipoingia mjini jua lilikuwa limekwisha kupita utosi.

Alinunua sukari na majani ya chai kwanza, ili historia isije ikamsingizia. Kisha akapanda ngazi za duka la Fabian, mlinzi wa lango la mtandao.

"Umechelewa, mwandishi," alisema Fabian. "Kompyuta zote zimelala. Inayopumua ni ile moja, na imetekwa."

Kweli ilikuwa imetekwa. Mbele yake aliketi kijana mwenye tai, karani wa kampuni ya pamba, akiwa amezungukwa na makaratasi kama mfalme aliyezungukwa na wake zake.

"Ee karani," alinena Maximiliana, "kiti hicho nakihitaji kwa muda wa kunywa glasi ya maji. Leo blogu yangu inatimiza mwaka."

"Blogu?" Karani hakugeuka. "Dada, mimi natuma ripoti ya pamba ya wilaya nzima. Uchumi wa nchi uko kwenye vidole hivi. Rudi Jumatatu."

"Jumatatu nitakuwa nauza dagaa."

"Basi utaniwekea fungu."

Fabian alicheka hadi akashika ukuta. Maximiliana hakucheka. Alisimama akitazama kisogo kile kilichonyolewa vizuri, akaikumbuka silaha iliyomchelewesha njia nzima, akaona haifai kubaki barabarani. Akapiga goti palepale sakafuni, katikati ya nyaya.

"Mwangaluka," alisema kwa heshima, ingawa asubuhi ilikuwa imekwisha kuzikwa.

Vidole vya karani vilisimama. Mtu aliyelelewa vizuri hawezi kumwacha mwanamke chini akiwa hajaitikiwa. Akageuka na kiti chake.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola. Nyumbani hawajambo? Ng'ombe je?"

"Hatuna ng'ombe. Sisi tuko Lamadi, ni watu wa samaki."

"Jina lako nani, na wewe ni wa kwa nani?"

"Naitwa Constantine. Baba yangu ni mtoto wa mzee Mayige, aliyetoka huku zamani kufuata uvuvi."

"Mayige wa Ngulyati? Aliyeng'atwa sikio na punda?"

"Ndiye babu yangu! Umemjuaje?"

Hapo Maximiliana alinyanyuka polepole, akikung'uta goti, kama jua linapopanda juu ya mawe ya Bariadi.

"Mayige ni kaka yake baba yangu, Joakim. Kwa hiyo baba yako ni kaka yangu. Na wewe, Constantine, uliyeniambia nirudi Jumatatu, unajua mimi ni nani wako?"

Karani alihesabu ukoo kwa macho. Uso ukamshuka.

"Shangazi," alisema kwa sauti ndogo.

"Sikusikia."

"Shangazi! Lakini nimekuzidi umri!"

"Umri mpe Fabian akuwekee kwenye droo. Shangazi yako amesimama, wewe umekaa."

Akapisha. Tai na makaratasi vikapisha naye. Maximiliana akaketi, akafungua Pamba ya Maneno, akanyoosha vidole ili dibaji ianze kutiririka. Na dakika hiyohiyo umeme wa Bariadi ukakatika.

Chini ya meza, kisanduku cha kuhifadhi umeme kikaanza kulia pii, pii, pii, kama baragumu la jeshi linalokimbia.

"Betri yake ni mgonjwa!" alipiga kelele Fabian. "Andika, binti Joakim, andika!"

Dibaji ikaanguka. Shukrani zikaanguka. Aya ya kusuta, nzuri kuliko zote, ikaanguka na koma zake. Maximiliana akaandika kilichobaki mkononi, akabonyeza, na kioo kikafa.

"Limeenda?" aliuliza.

"Labda," alisema Fabian.

"Shangazi, ripoti yangu!" alilia Constantine.

Hakuna aliyejua kama limeenda, na muda wa kungoja umeme haukuwepo. Alirudi Ngulyati na sukari mgongoni na mashaka kifuani, akiwapigia magoti wazee walewale waliotaka sasa habari za mjini.

Nyumbani wakwe walikuwa wamekaa na vikombe vya chai ya kuazima, chungu, isiyo na sukari. Msemaji wao, Mzee Bundala, alikuwa anakitazama kikombe kama mtu anayesoma hukumu.

"Umetoka kuilima hiyo miwa?" aliuliza Shangazi Esteria. "Na blogu yako?"

"Nimeandika."

"Nani shahidi?"

Shigela, kaka wa bibi harusi, alikuwa na simu kubwa inayofungua mtandao. Alipanda juu ya jiwe, akainua mkono kutafuta mawimbi, na ukoo wote, pamoja na Joakim mwenyewe, ukasimama chini yake. Hata ng'ombe wa mahari walisahaulika.

"Imefunguka," alisema Shigela. Akasoma kwa sauti ya mahubiri: "Mwaka mmoja leo. Nilikuwa na mengi, umeme umekatika. Bado naandika." Akatelezesha kidole. "Na kuna mtu wa Lagangabilili amejibu: Hongera, tulikuwa tunangoja."

Wanahistoria wa Simiyu, watakapopatikana, waandike hivi: siku hiyo Pamba ya Maneno ilitimiza mwaka ikiwa hai, na kesho yake gari la Lamadi likaondoka na kiti kitupu.

"Maneno hayo tu?" Shangazi Esteria aliruka. "Kwa hayo wakwe wamekunywa uchungu? Waombe radhi hapa, mbele ya baba yako!"

Mzee Bundala akaweka kikombe chini, akangoja.

Maximiliana alifungua mfuko, akamtilia sukari, akakoroga.

"Karibu chai, baba," alisema. "Radhi siombi."